Karata ya Mwisho Haimdhulumu Mtu

Leo nazungumzia karata, na ndani ya karata nazungumzia poka, na ndani ya poka jambo moja tu. Mtu anaongoza, fedha zote zimeshaingia katikati ya meza, imebaki karata moja kufunuliwa, na karata hiyo inamgeuka. Najua miongoni mwenu wamo ambao kwao kamari ni haramu, na msimamo huo nauheshimu. Simvuti mtu mezani. Nazungumza kwa sababu kilio cha karata ya mwisho nakisikia kila kona siku hizi, hata kwa watu ambao hawajawahi kushika karata mkononi, na naona kilio hicho kinawala watu fedha kuliko karata yenyewe.

Kwa asiyeujua mchezo, mambo ni haya. Kila mchezaji hupewa karata mbili za siri. Mezani hufunuliwa karata tatu kwa mkupuo, kisha ya nne, kisha ya tano, ambayo wachezaji huiita riva. Kila baada ya hatua watu huongeza fedha au hujitoa. Mwishowe kila aliyebaki hupanga karata tano zilizo bora kati ya saba: mbili zake na zile tano za wote.

Sasa twende Las Vegas, Marekani, Mei 2003, kwenye kasino ya Binion's Horseshoe. Ni mashindano makuu ya poka duniani, kiingilio dola 10,000. Walianza wachezaji 839, wamebaki kumi. Akitoka mmoja tu, tisa waliosalia wanaingia meza ya fainali. Mmoja wa hao kumi ni Phil Ivey, kijana ambaye mwaka uliotangulia alitwaa mataji matatu katika msimu mmoja. Mwingine ni Chris Moneymaker, mhasibu kutoka Tennessee, ambaye nafasi yake aliipata kwa kushinda mchezo mdogo wa mtandaoni ambao kiingilio chake hakikufika dola 100. Hilo Moneymaker, kwa anayejiuliza, ni jina la ukoo wake kweli.

Moneymaker ameshika ree na malkia. Ivey ameshika tisa mbili. Mezani zinafunuliwa malkia, sita, malkia. Moneymaker sasa ana malkia tatu. Karata ya nne inafunuliwa: tisa. Ivey ana tisa tatu na jozi ya malkia, na mpango huo unazizidi malkia tatu tupu. Ivey anasukuma kila alichonacho katikati, Moneymaker anafuata, wote wawili wanafunua karata zao. Ukumbi mzima unaona kwamba mhasibu amenaswa. Halafu inakuja riva: ree. Malkia tatu na jozi ya ree. Ivey anasimama na kuondoka akiwa wa kumi.

Tuhesabu pamoja, maana hesabu yenyewe si ngumu. Kabla ya riva, karata nane zilikuwa zimejulikana: nne za mikononi na nne za mezani. Kati ya 52 zilibaki 44. Za kumwokoa Moneymaker zilikuwa ngapi? Ree tatu zilizobaki. Malkia moja iliyobaki. Na sita tatu zilizobaki, maana hata sita ingempa malkia tatu na jozi ya sita, na bado angempita Ivey. Jumla ni saba. Saba katika 44 ni asilimia 16 hivi. Ivey alikuwa na asilimia 84.

Wengi wanaoisimulia siku ile huishia hapo: Ivey alikuwa ameshinda, riva ikampokonya. Mimi naomba turudi nyuma karata moja tu. Mezani palikuwa na malkia, sita, malkia. Wakati ule anayeongoza ni nani? Moneymaker, tena kwa mbali. Ivey alihitaji tisa, na tisa zilizobaki zilikuwa mbili katika karata 45. Hiyo ni chini ya asilimia 5. Basi kama ni bahati, wa kwanza kubahatika alikuwa Ivey, tena kwa karata iliyokuwa adimu zaidi ya ile iliyomtoa. Tisa ile hakuna anayeililia, kwa sababu haikuja mwisho.

Sasa zibadilishe nafasi karata hizo mbili tu. Ree itangulie, tisa ifuate. Mezani panakuwa na malkia, sita, malkia, ree. Moneymaker ameshakamilisha malkia tatu na jozi ya ree. Tisa ikija hapo mwisho haimsaidii Ivey kitu, na huenda angekuwa ameshajitoa mapema na kunusuru vipande vyake vya kuchezea. Karata tano ni zile zile na mshindi ni yule yule, lakini hakuna ambaye leo angeukumbuka mchezo ule. Kwa hiyo uchungu tunaousimulia miaka yote hii umetoka kwenye foleni ya karata: ipi ilitangulia na ipi ilifuata.

Hili ndilo ninalotaka tukae nalo leo. Tunapouchukia mchezo wa karata ya mwisho, mara nyingi tunachochukia ni kuonyeshwa ushindi kabla haujawa wetu.

Moneymaker aliendelea hadi akatwaa ubingwa na dola milioni 2.5. Mwaka uliofuata waliojitokeza kwenye mashindano yale walikuwa 2,576, na mwaka 2006 wakafika 8,773, kila mmoja akiamini kwamba mhasibu yeyote anaweza. Sisemi kwamba ree ile peke yake iliwaleta wote hao. Nasema tu kwamba bila ree ile Moneymaker huenda asingeufikia ubingwa, na mimi nisingekuwa na la kuwasimulia.

Swali la kuuliza mchezo ukisimama kabla ya karata ya mwisho ni hili: chako ni kipi? Swali hilo ni la zamani. Mwaka 1654, Wafaransa wawili, Blaise Pascal na Pierre de Fermat, waliandikiana barua juu ya jambo la namna hiyo hiyo. Watu wawili wanacheza, kila mmoja ameweka sarafu 32. Atakayetangulia kushinda raundi tatu anachukua zote 64. Mmoja ameshashinda mbili, mwenzake moja, halafu mchezo unakatika. Wagawaneje? Pascal alilifungua fumbo kwa utulivu. Tuseme raundi inayofuata ingechezwa. Anayeongoza akishinda, anachukua 64. Akishindwa, wanakuwa sawa, kila mmoja ana 32. Basi 32 ni zake vyovyote itakavyokuwa. Hizo mpe kwanza. Zilizobaki ni 32, na hizo ni za nusu kwa nusu, mpe 16. Jumla 48, na mwenzake 16.

Tazameni ubora wa jibu hilo. Anayeongoza hapewi zote, kwa sababu hajashinda. Wala hapewi nusu, kwa sababu anaongoza. Anapewa sehemu yake. Ukilitumia jibu la Pascal kwenye meza ya Las Vegas, sehemu ya Ivey ilikuwa 84 katika kila mia, na ya Moneymaker 16. Hizo 16 hazikuwa za Ivey hata sekunde moja. Riva ilipofunuliwa haikuhamisha mali ya mtu. Ilimaliza tu hesabu ambayo ilikuwa haijamalizika.

Wachezaji wanaoishi kwa mchezo huu wanalijua hilo hadi kwenye mifupa. Kwenye meza za fedha taslimu, wawili wakiwa wameweka vyote na karata ya mwisho haijatoka, huweza kukubaliana ifunuliwe mara mbili: nusu ya fedha iende na karata ya kwanza, nusu na ya pili. Wastani wa kila mmoja haubadiliki hata kidogo. Kinachopungua ni kuyumba, kwamba leo umebeba zote na kesho huna kitu. Mtu anayekubali utaratibu huo ameshakiri kwa matendo kwamba alichonacho mkononi ni sehemu. Hana ushindi bado.

Nitawapa mkasa mwingine, huu wa kuumiza zaidi. Mwaka 2010, mashindano yale yale, wachezaji 7,319, wamebaki 15. Matt Affleck ana ree mbili, jozi iliyo bora kuliko zote. Jonathan Duhamel wa Kanada ana ghulamu mbili. Mezani kuna kumi, tisa, saba, malkia. Affleck anaweka vyote. Duhamel anawaza kwa muda mrefu, kisha anafuata. Ghulamu zake ziko nyuma, lakini zihesabu karata za kumwokoa: nane zote nne zinamkamilishia mfululizo wa karata tano, wafalme wote wanne vilevile, na ghulamu mbili zilizobaki zinampa ghulamu tatu. Jumla ni kumi, katika 44. Asilimia 23 hivi. Ikaja nane. Affleck akatoka akiwa wa 15, na zaidi kidogo ya nusu milioni ya dola. Duhamel akaenda hadi ubingwa na karibu dola milioni tisa.

Namwonea huruma Affleck, na sioni aibu kusema hivyo. Alifanya kila kilicho sahihi. Lakini asilimia 23 ni karibu mara moja katika nne. Ukiambiwa leo uwezekano wa mvua ni mara moja katika nne, ikanyesha, husemi mbingu imekudhulumu. Mezani tunasema, kwa kuwa fedha tulishazigawa kichwani.

Kuna kanuni ya haraka ambayo wachezaji huitumia, na inafaa hata kwa mtu anayetazama tu. Hesabu karata za kukuokoa. Kama zimebaki karata mbili kufunuliwa, zidisha kwa nne. Kama imebaki moja, zidisha kwa mbili. Unapata asilimia, kwa makadirio. Una karata nne za kopa na unasubiri ya tano? Kopa zilizobaki ni tisa. Mara nne ni 36, na jibu kamili ni 35. Karata moja ikibaki, mara mbili ni 18, na jibu kamili ni karibu 20. Unasubiri karata ya kuziba pengo katikati ya mfululizo? Ziko nne tu. Ikibaki karata moja, huna hata asilimia 9.

Asilimia peke yake haitoshi. Ni lazima uiweke kando ya bei. Chukua meza ya shilingi. Katikati kuna 30,000. Mwenzako anaongeza 10,000. Wewe ukitaka kuona karata ya mwisho, unalipa 10,000 ili ushindanie 40,000. Tuseme unasubiri kopa. Karata ambazo hujaziona ni 46, na kopa ni tisa. Ukirudia hali hiyo mara 46 na mambo yakaenda kwa wastani wake, utashinda mara tisa, uingize 360,000, na utashindwa mara 37, utoe 370,000. Ni kama sare. Pungufu ni 10,000 tu kwa mara zote hizo. Anayelipa si mjinga.

Mwenye pengo la katikati je? Atashinda mara nne, aingize 160,000. Atashindwa mara 42, atoe 420,000. Amepoteza 260,000. Zimekwenda wapi? Zimekuja kwako, wewe uliyekuwa mbele.

Hapa ndipo ninapotaka mtu anayelalamika anisikilize vizuri. Yule uliyemtukana jana kwa sababu alilipa bila hesabu, akapata karata yake ya kuokoa akakuchapa, ndiye anayekuletea zile 260,000. Zile mara nne anazopata ndizo zinazomrudisha mezani. Kama angekuwa hapati kabisa, angeshaacha siku ya pili, au angejifunza kuhesabu. Ukimkasirikia, ukamfundisha kwa ukali mbele ya watu kwamba alikosea, unamfukuza mtu anayekulipa. Wachezaji wazoefu humwambia, kwa moyo mweupe, hongera, umecheza vizuri.

Kumbukumbu zetu nazo hazitutendei haki. Mwaka 1976 Doyle Brunson alitwaa ubingwa wa mashindano yale akiwa na karata ya kumi na karata ya mbili mkononi, karata dhaifu sana. Mpinzani wake, Jesse Alto, alikuwa na jozi mbili, za ree na za ghulamu. Brunson alikuwa na jozi ya kumi na ya mbili. Karata za kumwokoa zilikuwa nne katika 44, mara moja katika 11. Ikaja kumi. Mwaka uliofuata akashinda tena fainali kwa karata hizo hizo, ya kumi na ya mbili, na hadi leo zinaitwa kwa jina lake. Mara moja katika 11 ikawa hadithi ya kishujaa, kwa sababu inasimuliwa upande wa aliyeshinda. Kila kipigo cha karata ya mwisho kina mtu wa pili aliyenusurika, na huyo hasemi kwamba amedhulumu mtu. Kila mchezaji amewahi kuwa huyo wa pili mara nyingi, na ukimwuliza hakumbuki.

Nilisema kilio hiki nakisikia hata kwa wasiocheza karata. Nenda kibanda chochote cha kubeti Jumapili usiku, baada ya mechi za Ulaya kuisha. Mkeka wa ubashiri umechanika. Mechi kumi, tisa zimeitika, ya kumi imeharibu dakika za nyongeza. Mtu anashika kichwa: goli moja, jamani, goli moja! Nami namwelewa. Lakini tuseme kila mechi katika zile kumi uliichagua vizuri, na timu yako ilikuwa na nafasi ya asilimia 80 kushinda. Asilimia 80 zidisha kwa 80, zidisha tena, mara kumi. Unabaki na chini kidogo ya 11. Mkeka wako, siku ulipouandika, ulikuwa na nafasi kama moja katika tisa, na hapo tumekukadiria kwa ukarimu. Ile mechi ya kumi haina hatia kuliko nyingine. Imechezwa usiku tu. Kama ingechezwa saa nane mchana, mkeka ungechanika mapema, ungekula chakula chako ukalala. Ni tisa na ree za Las Vegas zile zile, zimevaa jezi.

Mshindani wa poka anakabiliwa na mlolongo huo huo. Akiwa mbele kwa asilimia 80 kila anapoweka vyote, na akahitaji kupona mara tano mfululizo ili abaki kwenye mashindano, atafika mwisho mara moja tu katika tatu. Mara mbili katika tatu atatolewa bila kosa lolote. Anayeingia bila kulijua hilo atatoka anaamini amelogwa.

Na imani hiyo ndiyo inayonitia hofu. Mwaka 1979 wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky waliandika kwamba mtu ambaye hajakubaliana na hasara yake huwa tayari kuingia dau ambalo siku nyingine asingeligusa. Mimi sijaona sentensi inayoeleza vizuri zaidi kinachotokea baada ya riva. Kipigo chenyewe kimechukua kiasi kilichokuwa mezani, basi. Lakini anayejiona ameibiwa anataka kurudishiwa, tena sasa hivi, na kutoka kwa meza ile ile. Anaongeza dau mara mbili. Anafuata pengo la katikati kwa sababu bahati ina deni kwake. Haina. Ndani ya mchezo mmoja karata zilizotoka hupunguza zilizobaki, na kuhesabu kunasaidia. Zikishachangwa upya, karata hazijui nani aliumia mchezo uliopita.

Kwenye ukumbi angalau kuna vizuizi. Vipande vinaisha, inabidi usimame, uende dirishani kununua vingine, watu wakuone. Simu haina dirisha. Dakika moja baada ya goli lile, fedha ya ada ya shule iko hapo hapo, kwenye namba ile ile, na mechi ya Amerika ya Kusini inaanza alfajiri. Ningependa kampuni za kubeti zilazimishwe kuweka muda kati ya hasara na dau linalofuata, hata kama ni hadi kesho yake asubuhi. Zitalalamika. Zilalamike.

Hadi hapo, kazi ni ya sisi tulio karibu na mtu huyo: ndugu, rafiki, mke, mume, jirani wa kibandani. Usimpe pole ya kumchochea, kwamba kweli kaka umedhulumiwa. Mwulize swali moja: fedha zilipoingia, nafasi yako ilikuwa asilimia ngapi? Akikutajia namba, hata iwe ya kukadiria, mwache asimulie mkasa wake hadi achoke. Akikujibu kwamba alikuwa ameshashinda, basi usiku ule usimwache peke yake na simu.